Fungu la mama

Nafundisha madrasa Mbagala, upande wa kwenda Chamazi, ambako klabu ya soka ya Azam inalea wachezaji vijana. Baada ya Alasiri baadhi ya wanafunzi wangu hukimbilia viwanjani, wakitamani siku moja waitwe huko. Siwazuii. Kipaji ni amana, na amana haifichwi chini ya mkeka.

Swali langu ni la haki: kipaji kikiuzwa, nani apate fungu? Kwa kanuni za FIFA, mchezaji akiuzwa nje ya nchi mkataba ukiwa hai, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Msimu wa miaka 13 hupata nusu ya fungu la msimu wa miaka 17. Kabla ya 12, sifuri. Mama aliyekaanga vitumbua apate nauli ya mwanawe hayumo kwenye hesabu, na hali katika dini yetu hutajwa mara tatu kabla ya baba! Klabu inastahili ujira. Imetoa makocha, chakula, nyasi. Lakini ujira si milki. Miguu ile iliumbwa kabla ya mkataba.

Na wanaoachwa bila kuchaguliwa je, ambao ndio wengi? Huwaambia rizki imeandikwa. Mmoja aliniuliza: "Sasa ustadhi, kama imeandikwa, mbona kocha ndiye anayechagua?"

Nikamjibu kocha ni sababu tu, mtoaji ni Mungu.

"Basi niombee na hiyo sababu, ustadhi. Majaribio ni Jumamosi."