Risasi Iliyokwama Mtutuni

Tarehe 31 Machi 1993, usiku wa manane umeshapita, katika studio moja ya mjini Wilmington, jimbo la North Carolina nchini Marekani, Brandon Lee alifungua mlango akaingia chumbani na mfuko wa vyakula mkononi. Chumba kilikuwa cha filamu, mfuko wa filamu, na jambazi aliyemsubiri mle ndani naye wa filamu. Lee alikuwa na miaka 28. Baba yake alikuwa Bruce Lee, yule ambaye vijana wetu wa miaka ya 1970 na 1980 walivunja vitanda vya mama zao wakijaribu mateke yake. Filamu hiyo, The Crow, ilibakiza siku chache tu za kupigwa picha, na mwezi Aprili Lee alikuwa aoe. Mwenzake akamwelekezea bastola kama hadithi ilivyotaka, akaifyatua, ikalia, Lee akaanguka. Mkurugenzi aliposimamisha kamera, hakuinuka. Madaktari walihangaika naye kwa saa kadhaa, na mchana wa siku hiyo hiyo akafariki.

Wengi waliosikia habari hiyo walidhani kuna mtu alichanganya risasi za moto na zile za maigizo. Haikuwa hivyo. Risasi zilizopakiwa usiku ule zilikuwa baridi kweli. Kilichomuua Lee kilikuwa kimeshaingia ndani ya bastola kabla ya usiku huo, na hakuna aliyekitafuta.

Ili kuelewa ilikuwaje, lazima mtu ajue risasi ina nini. Ganda la shaba ndilo chombo. Kitakoni mwa ganda, pale panapogongwa na pini ya bunduki, kuna fataki, kidonge kidogo kinachotoa cheche kikigongwa. Ndani ya ganda kuna baruti. Mbele kimechomekwa kichwa, na hicho ndicho kinachoruka na kuua. Risasi baridi ina ganda, fataki na baruti, lakini haina kichwa: italia na kutoa moto bila kurusha kitu. Risasi bandia ni kinyume chake. Ina ganda na kichwa, haina baruti wala fataki iliyo hai, na kazi yake ni kuonekana tu. Filamu inazihitaji zote mbili, kwa sababu bastola ya silinda, ile yenye gurudumu la matundu sita, ikipigwa picha kutoka mbele, vichwa vya risasi huonekana matunduni. Mtazamaji akiona matundu matupu anajua anadanganywa.

Kwa The Crow, risasi bandia zilitengenezwa palepale na watu wa vifaa. Walichukua risasi za moto, wakang'oa vichwa, wakamwaga baruti, wakarudisha vichwa mahali pake. Fataki wakaziacha. Bila shaka waliona kwamba kwa kuwa baruti imemwagwa, hatari imekwisha. Basi siku moja bastola ikafyatuliwa ikiwa na risasi ya namna hiyo. Fataki peke yake haina nguvu ya kukipeleka kichwa mbali, ila inatosha kukichomoa kwenye ganda na kukisukuma mpaka ndani ya mtutu, na humo kikanasa. Mlio wake ni wa kuchekesha, kama kizibo cha chupa, na pengine ndiyo maana haukumshtua mtu. Baadaye silinda ikafunguliwa, maganda yakatolewa, zikapakiwa risasi baridi kwa ajili ya tukio la mlangoni. Sasa tupige hesabu. Kichwa kimo mtutuni. Nyuma yake kuna baruti kamili na fataki nzima. Vile vitu walivyovitenganisha kwa mikono yao vilikuwa vimekutana tena, vikawa risasi timamu iliyopakiwa kwa awamu mbili, na watu tofauti, kwa siku tofauti.

Mtaalamu wa silaha wa filamu hiyo alikuwa ameruhusiwa kuondoka mapema. Aliyeshika bastola kwa niaba yake hakutazama ndani ya mtutu. Tochi ndogo ingetosha, au ufito wa kuchomeka. Mwendesha mashtaka wa wilaya alichunguza, akaona uzembe, lakini hakumfungulia mtu mashtaka ya jinai. Mwigizaji aliyefyatua aliacha kazi kwa mwaka mzima.

Mimi katika habari hii simwoni mjinga hata mmoja. Naona watu wa kazi, kila mmoja amefanya sehemu yake karibu yote, na kila mmoja amemwamini aliyemtangulia. Bunduki iliyopita mikono mitano ikiwa imeaminiwa na mikono yote mitano haijakaguliwa na mtu yeyote.

Mtu angetegemea kwamba baada ya Wilmington jambo hilo lisingetokea tena kwenye filamu. Tarehe 21 Oktoba 2021, kwenye ranchi ya Bonanza Creek, jimbo la New Mexico, mwigizaji Alec Baldwin alikuwa akifanya mazoezi ya filamu iitwayo Rust ndani ya jengo la kanisa la mbao. Kwa mujibu wa hati za polisi, msaidizi wa mkurugenzi aliitoa bastola akatangaza kwa sauti kwamba ni baridi, yaani salama. Ilikuwa na risasi ya moto. Ilipofyatuka ikampiga kifuani mpiga picha mkuu, Halyna Hutchins, mzaliwa wa Ukraine mwenye miaka 42, ikapita na kumjeruhi begani mkurugenzi Joel Souza. Hutchins alifariki siku hiyo.

Baldwin amesisitiza kwamba hakuvuta kifyatulio, na mwezi Julai 2024 jaji aliifuta kesi yake kwa sababu upande wa mashtaka uliuficha utetezi ushahidi. Msimamizi wa silaha, Hannah Gutierrez-Reed, alitiwa hatiani mwezi Machi mwaka huo huo kwa kuua bila kukusudia, akapewa kifungo cha miezi 18. Msaidizi wa mkurugenzi alikubali kuadhibiwa kwa kutumia silaha kizembe. Kesi hizo zilizua ubishi mrefu wa nani alaumiwe, ubishi ambao mimi naona ulimeza jambo la maana zaidi. Risasi bandia zinazotengenezwa vizuri hujitambulisha zenyewe: nyingine hutobolewa tundu ubavuni, nyingine huwekwa kigololi ndani kinacholia ukiitikisa risasi sikioni. Kuzitoa sita zote na kuzitikisa moja moja ni kazi ya dakika moja. Badala yake, watu waliokuwa mle kanisani walilindwa na tangazo.

Tangazo haliingii ndani ya chemba ya bunduki. Wakati mwingine hata macho hayaingii, kama yameelekezwa pasipo. Terry Kath, mpiga gitaa wa bendi ya Chicago, tarehe 23 Januari 1978 alikuwa nyumbani kwa rafiki akichezea bastola ya milimita 9. Rafiki akaingiwa na wasiwasi. Kath akachomoa magazini, akamwonyesha kwamba haina kitu, kisha akajielekezea bastola kichwani na kuifyatua. Risasi ilikuwa kwenye chemba, lile tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa ikisubiri kupigwa. Magazini ni ghala tu. Risasi ikishakokiwa, yaani ikishaingizwa chemba, imeondoka ghalani, na kuchomoa magazini hakuigusi.

Hapo ndipo wanapoangukia hata wenye uzoefu, na mara nyingi kosa lao ni la mpangilio. Mtu anakoki kwanza, risasi moja inaruka nje, moyo unatulia. Kisha anachomoa magazini. Lakini ile bunduki ilipokokiwa magazini ikiwa bado imo, ilitema risasi moja na kumeza nyingine hapo hapo. Ameshika bunduki yenye risasi akiwa na ushahidi mkononi, ile risasi iliyoruka, kwamba haina. Utaratibu ni kuanza na magazini, kisha kufungua chemba na kutazama ndani, kisha kuingiza kidole kidogo, maana usiku jicho huona linachotaka kuona. Wenye bunduki za AK, ambazo kwetu wengi huziita SMG, wana la kuongeza: kile kitasa cha usalama cha ubavuni, ukikishusha kutoka juu, kinaanzia kwenye mfululizo kabla ya kufika kwenye risasi moja moja. Mwenye kiherehere akikiteremsha nusu, kidole kikateleza, haitatoka risasi moja.

Jeff Cooper, mwanajeshi wa zamani wa kikosi cha majini cha Marekani, alifungua chuo cha kulenga shabaha huko Arizona mwaka 1976 na alipenda kufundisha kwa kanuni nne. Kwamba kila bunduki ina risasi, siku zote. Kwamba mdomo wake usipite juu ya kitu usichokuwa tayari kukiangamiza. Kwamba kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umeshalenga. Kwamba ujue unachokilenga na kilicho nyuma yake. Wanafunzi huichukua ya kwanza kama chumvi ya mwalimu, maana wameshatazama na wameona haina. Lakini uzuri wa kanuni hizo ni kwamba zinafidiana. Kath alivunja ya kwanza, na bado angekuwa hai kama angeishika ya pili. Hata Brandon Lee, pamoja na makosa yote ya fataki na mtutu, angepona kama bastola ingeelekezwa pembeni kidogo ya mwili wake, kwa sababu kamera ikiwekwa vizuri mtazamaji hatambui.

Kanuni ya kidole ina mkasa wake. Plaxico Burress alikuwa mchezaji wa mpira wa Kimarekani wa timu ya New York Giants, na mwezi Februari 2008 alidaka pasi iliyoipa timu yake ubingwa. Kudaka ndiyo ilikuwa kazi yake. Mwezi Novemba mwaka huo aliingia klabu ya usiku mjini New York na bastola kiunoni, bila ala, ameibana kwenye suruali laini. Bastola ikaanza kuteleza kuelekea mguuni. Akaidaka. Ilimtoboa paja, na sheria ikamwongezea kifungo cha miaka miwili kwa sababu ya silaha hiyo isiyokuwa na kibali. Bunduki inayoanguka iachwe ianguke. Bastola nyingi za siku hizi zimeundwa zisifyatuke zikidondoka, lakini hakuna kiwanda kinachoweza kuzizuia zisifyatuke zikidakwa kwa kidole.

Kwetu bado wapo wanaotembea na gobore. Gobore halina chemba ya kufungua wala magazini ya kuchomoa: baruti na vyuma hushindiliwa kupitia mdomoni, na anayerudi porini bila kuona mnyama hurudi nalo likiwa limejaa. Linaning'inizwa ukutani. Wiki inapita, mwezi unapita, na anayelitungua siku hiyo si lazima awe aliyelining'iniza. Lakini lina kipimo kisichodanganya, nacho ni mdeki. Uchomeke mtutuni mpaka uishie, weka alama ya kidole pale mdomoni, utoe na uulaze kwa nje sambamba na mtutu. Ukiwa umefika mpaka mwisho wa nyuma wa mtutu, mtutu ni mtupu. Ukiwa umeishia vidole vitatu vinne kabla, kuna kitu. Na anayepiga bunduki yoyote, akasikia mlio mdogo usio wa kawaida pale alipotegemea kishindo, asirudie. Aielekeze mahali salama, asubiri kidogo, aondoe risasi zote, kisha autazame mtutu kwa kutokea nyuma, bunduki ikiwa imefunguliwa. Mlio wa namna hiyo ndio uliopuuzwa Wilmington.

Nyumbani, risasi zifungiwe kando na bunduki, na funguo zisikae pale ambapo watoto wote wanajua zinakaa. Juu ya kabati ni mahali pa kwanza mtoto anapopanda.

Ninaowafikiria zaidi, hata hivyo, ni walinzi. Alfajiri, nje ya benki au ghala, zamu inabadilishana na bunduki inatoka mkono hadi mkono. Anayetoka ni mzee wa kazi, pengine mgambo wa siku nyingi. Anayeingia ni kijana wa miaka ishirini na kitu. Mzee anamkabidhi, anamwambia, "Shika, mwanangu, haina kitu." Kijana anapokea kwa mikono miwili, kama alivyolelewa, na haifungui. Akiifungua ataonekana anamsahihisha mkubwa wake, tena mbele ya watu, na mwezi ujao ndiye atakayepangiwa zamu za usiku. Tumezoea kusema ajali za silaha zinatokana na ukosefu wa mafunzo. Nyingine zinatokana na adabu. Hata kanisani kule New Mexico, aliyetangaza kwamba bastola ni baridi alikuwa bosi wa wengi waliokuwepo.

Kijana hawezi kulitatua hilo peke yake, na ni kumwonea kumwambia awe jasiri. Anayeweza ni mzee. Yeye ndiye achomoe magazini, afungue chemba, aiache wazi, ndipo aseme, "Angalia mwenyewe, mwanangu, nami niangalie tena." Kijana ajibu, "Naam, mzee," aingize kidole, aseme alichokigusa. Wakifanya hivyo kila alfajiri, wiki ya pili wapita njia watakuwa wameshaacha kugeuka kuwatazama. Na siku mzee atakapokuwa na usingizi, akasahau, kijana atakuwa na ruhusa ya kusema, "Mzee, hujaifungua."