Kosa Bila Nia

Je, mtu anayeharibu kitu bila kutaka ana dhambi? Tutazame jambo lililotukia huko mwezini.

Wamarekani waliokwenda huko hawakwenda bila mazoezi. Hapa duniani walipewa vyombo vya kujifunzia, mfano wa vile vya kweli. Wakavaa mavazi mazito ya safari, wakavipanga vyombo hivyo mara nyingi. Mnamo Aprili 1972 John Young na Charles Duke wa Apollo 16 walifika. Duke alitoboa ardhi, akatia chombo cha kupima joto litokalo ndani ya mwezi. Lakini mguu wa Young ulinaswa na waya, nao waya ukakatika. Ndani ya vazi lile gumu hakusikia kitu. Kipimo kikapotea.

Tuseme nini? Dhambi yataka kujua na kukubali kwa moyo. Young hakujua, wala hakukubali. Basi hana dhambi. Kama angalidharau mazoezi kwa uvivu, angalikuwa na hatia, hata kama waya usingalikatika. Tena hakuficha: yeye mwenyewe alisema mara kwamba kitu kimeharibika, akaomba radhi, akaendelea na kazi. Desemba 1972 wenzao wa Apollo 17 waliweka chombo kama kile, nacho kikafanya kazi.

Nasi tunayo mazoezi yetu: sala ya asubuhi, neno la upole nyumbani, kulipa deni dogo. Mungu hatatuuliza kama hatukujikwaa kamwe. Atauliza kama tulijitayarisha, na kama tulipojikwaa tulisema kweli.