Kwa Nini Aliomba Kupanda Mashua

Katika shirika letu la kanisa hapa Furu, Butembo, tulisoma Marko sura ya 5: mtu wa nchi ya Wagerasi aliyeishi makaburini, akivunja minyororo na kujikata kwa mawe. Katekista wetu alieleza vizuri habari za pepo na za nguruwe waliozama. Mimi nilibaki kwenye aya ambayo haihubiriwi sana. Mtu yule amekwisha kupona, ameketi, amevaa nguo, akili zake timamu. Yesu anapanda mashua, naye anamsihi aende pamoja naye.

Kwa nini asitamani kwao? Katekista anasema ni upendo kwa aliyemponya. Sikatai. Lakini mimi ni fundi wa cherehani ninayetumia dawa za ugonjwa wa akili, na ombi lile nalijua kwa upande mwingine. Marko ametangulia kusema kwamba watu walipomwona mzima waliogopa. Naamini alizitazama nyuso zile akajua kwamba kwao watamkumbuka daima akiwa uchi, akipiga kelele. Ng'ambo ya ziwa hakuna aliyemjua.

Nilipotoka hospitali sauti zilikuwa zimenyamaza na usingizi umerudi. Hakuna jirani aliyenitukana. Matusi yalitoka kwangu. Mama akileta kitenge cha harusi, nilimwelekeza kwa fundi mwingine, maana hukumu niliisikia kabla hajafungua kinywa: huyu mwenye wazimu ataniharibia kitambaa. Vidonge nilivimeza gizani kana kwamba ni vya wizi. Nilitaka kuhamia Kampala, wala si kwa biashara. Kampala hakuna aliyeniona siku ugonjwa uliponishika barabarani.

Mwanasaikolojia Mmarekani Patrick Corrigan ameeleza jinsi mtu anavyofika hapo: anaijua dharau ya jamii, anaikubali kuwa kweli, anaigeuzia nafsi yake, na mwisho anajiuliza ajisumbue kwa faida gani. Dawa inaweza kuutuliza ugonjwa na mtu huyo bado asirudi kazini wala kanisani.

Lakini nani hasa anayenihukumu? Wengine wanadhani ni dhamiri. Siamini. Dhamiri inanishtaki kwa tendo: umempunja mteja, mrudishie haki yake. Aibu hii haitaji tendo. Inanishtaki kwa kuwa mimi ni mimi, na hakuna kitubio kinachoiridhisha. Katika vyumba vya maombi bado tunaulizwa nani alitenda dhambi, ukoo wa baba au wa mama. Wanafunzi waliuliza vivyo hivyo juu ya kipofu, Yohana sura ya 9, na Yesu akayakataa mashtaka: si yeye, si wazazi wake.

Yule wa Gerasi alinyimwa mashua. Jibu hilo ni kali mpaka utazame alichopewa: kazi. Aende kwa watu wake awasimulie. Hakuwekwa chini ya uangalizi kwanza.

Sisi wa Butembo na Beni tumeona jambo la namna hii. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika 25 Juni 2020 iliua watu zaidi ya 2,200. Waliopona walizidi 1,100, na wengi wao waliogopwa hata na ndugu. Kwa kuwa miili yao ilikuwa na kinga, baadhi yao wakapewa kazi ya kulea watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa vituoni. Mtu ambaye watu walikwepa kumpa mkono akawa amebeba mtoto wa mwenzake. Ugonjwa wangu hauachi kinga, lakini anayezijua zile sauti za usiku anaweza kuketi na anayeanza kuzisikia. Mji huu umepokea waliokimbia mauaji ya Beni tangu Oktoba 2014. Wanaohitaji mtu wa kuketi nao si wachache.

Ninyi wakubwa wa mashirika, mgonjwa akirudi, mwombeeni, tena mwandikeni kwenye zamu ya kusoma Jumapili hiyo hiyo. Nanyi wamama wa harusi, leteni vitenge. Msingoje kwanza tuthibitishe kwamba tumepona.