Kiasi cha Kunoa

Makali ya kisu hayaongezwi. Kinachofanyika ni kuondoa chuma kidogo kidogo, upande huu na upande ule, mpaka pande mbili zikutane kwenye ncha nyembamba. Mnoaji haachi kitu kwenye kisu chako, anachukua. Ndiyo maana naona uaminifu wake tuupime kwa chuma alichokubakizia, hata kabla ya kujaribu makali kwenye nyanya.

Mkuyuni ni mahali pazuri pa kuliwaza jambo hili. Ukitoka katikati ya jiji la Mwanza kwa barabara ya Kenyatta kuelekea Butimba na Nyegezi, unapita mtaa ambao visu havipati mapumziko: wauza sato na sangara, mabucha, mama lishe, wakata miwa, mafundi viatu. Mawe nayo hayajawahi kuadimika hapa. Nyumba za vilimani zimejengwa katikati ya majabali, na panga husuguliwa kwenye jabali lililo nyuma ya jiko, maji kidogo yakimwagiwa, mazungumzo yakiendelea. Granaiti ina chembe zilizo ngumu kuliko chuma cha kisu. Inakula polepole, lakini inakula. Wengine hupindua kikombe cha udongo na kupitisha kisu kwenye ule ukingo wa kitako usio na mng'aro. Kwa kitunguu cha jioni, inatosha.

Kisha kuna mwenye baiskeli. Ameinua gurudumu la nyuma kwa stendi, mkanda umetoka kwenye gurudumu ukaenda kwenye jiwe dogo la mviringo lililofungwa mbele yake, naye anakanyaga pedali bila kwenda popote. Jiwe linakwenda kasi, cheche zinaruka, watoto wanakusanyika. Lakini akikandamiza kisu kupita kiasi, jiwe linapunguza mwendo na pedali inakuwa nzito. Mguu wake unamwambia kwamba anakula chuma kingi. Asipousikiliza leo atausikia usiku, kwenye magoti.

Mota haina goti. Siku hizi si ajabu kukuta grenda ya mezani nyumbani, imefungwa kwenye ubao uani, au mota ya mashine iliyokufa iliyovishwa jiwe na fundi wa mtaani. Umeme wake hauogopeshi: grenda ndogo ya wati 150 inaweza kuzunguka zaidi ya saa sita kwa uniti moja ya LUKU, na kisu hakihitaji hata dakika tano. Kasi yake ndiyo ya kuogopwa. Mota ya kawaida ya aina hii huzunguka karibu mara 2,850 kwa dakika, na ukingo wa jiwe la sentimita 15 unapita kwenye kisu kwa zaidi ya mita 20 kwa sekunde. Hapo ncha nyembamba inapata moto kabla kidole hakijahisi kitu. Visu vingi vya chuma cha kaboni huanza kupoteza ugumu vikipita nyuzi 200 hivi za Sentigredi, na ukiona rangi ya buluu imetambaa ukingoni, pale pameshafika karibu nyuzi 300. Kisu hicho kitakata vizuri leo. Keshokutwa kitakuwa butu tena, mwenyewe atasema visu vya siku hizi ni vibovu, atakirudisha kwenye jiwe lilelile, na bapa litazidi kuwa jembamba.

Waswidi wa kampuni ya Tormek walilijibu tatizo hili tangu mwaka 1973 kwa kupunguza mbio: jiwe pana linalozunguka ndani ya maji, mara 90 hivi tu kwa dakika. Bei yake si ya uani kwetu. Bakuli la maji kando ya grenda linawezekana, na kuchovya kisu kila baada ya mpito mmoja au miwili, na kukigusisha tu badala ya kukikandamiza. Miwani pia, maana jicho halina kipuri.

Nimesikia watu wakitaja haraka haraka na baraka zake kila mashine inapozungumzwa. Hapa sikubaliani nao. Mama mwenye beseni la sato na wateja wanaomsubiri hana nafasi ya kusugua kwenye jabali, na hakuna utakatifu katika kumchosha. Katika Zaburi ya Utrecht, kitabu kilichochorwa karibu mwaka 830 upande wa Reims, Ufaransa, kuna picha ya makundi mawili yanayonoa panga. Waovu wanasugua kwa jiwe la mkono la kizamani. Wema wana jiwe la kuzungushwa kwa mpini, mmoja akizungusha na mwingine akishika upanga. Mchoraji hakuona aibu kuwapa wema mashine mpya. Nadhani alikuwa na haki, ila katika picha yake bado kuna mtu anayechoka.

Uchovu ule ulikuwa ukitupimia kazi bila sisi kujua. Ukiondoka, lazima kipimo kitoke kwingine, na kwa mnoaji wa kulipwa ni vigumu zaidi, kwa sababu mteja hulipia cheche. Fikiria mama analeta kisu ambacho makali yake yamelala tu upande, hayajaisha. Mnoaji anamwambia, "Mama, hiki hakitaki jiwe, nakipitisha kwenye chuma tu." Mama anamtazama: "Baba, nimekuja na hela yangu, kinoe bwana." Mipito michache kwenye chuma cha kunyooshea ingemaliza kazi, lakini haina kelele wala moto, na anayeifanya anaonekana kama amedokoa hela ya watu. Anayekataa kuwasha grenda hapo namheshimu kuliko fundi wa mashine kubwa, hata akikosa mteja.

Jamaa yangu hunibishia. Anasema visu vyetu vingi ni vya bati jepesi, vya bei ya vocha chache. Kiliwe, kinunuliwe kingine, maisha yaendelee. Kuhusu kisu hicho hasa, sina la kumjibu. Lakini grenda yake ya uani haipokei visu vya bati peke yake. Majirani wameshaanza kumletea vyao, na juzi aliletewa panga la marehemu wa nyumba ya pili, la chuma kizito, ambalo familia haina mpango wa kununua jingine. Mkono alioutumia kulinoa ni uleule aliouzoeza kwenye visu vya kutupa.