Kinyozi wa Porta Palazzo: Ukikosa Maneno ya Kusali



Vijana wenzangu, leo nataka tuongee kuhusu kunyoa nywele. Msicheke kwanza.

Mimi ni kijana wa Nyololo, pale barabara ya Igowole inapochepuka kutoka barabara kuu ya Mbeya. Kwetu ukitaka kunyoa huhitaji kujieleza. Unakaa kwenye kiti, kinyozi anauliza, "Kama kawaida?", unajibu, "Kama kawaida", mnaendelea na habari za Simba na Yanga.

Masomo yalinipeleka Torino, kaskazini mwa Italia. Nilifika na maneno kama ishirini tu ya Kitaliano. Saluni ya kwanza niliyoingia nilitumia moja: "poco", yaani kidogo. Mimi nilimaanisha apunguze kidogo. Yeye akaelewa abakize kidogo. Nilitoka pale kama mtu aliyeguguniwa na panya. Nikalipa, nikashukuru, nikavaa kofia wiki mbili.

Hiyo ya kwanza ilikuwa ya kuchekesha. Ya pili haikuwa.

Baba yangu alifariki mwezi Juni, wakati wa baridi kali kule kwetu Mufindi. Kibali changu cha kuishi kilikuwa bado hakijatoka, na nauli nayo haikuwepo. Nikazika kwa simu. Kaka aliinua simu pale makaburini, mtandao ukikatika kila mara. Niliona udongo, nikaona migongo ya watu, nikasikia mama analia, kisha picha ikaganda.

Baada ya hapo, niseme ukweli, sikuweza kusali. Misa nilikwenda, ila nilikaa kama gogo. Kitaliano cha padre kilinipita, na Kiswahili changu kiliishia kwenye Sala ya Bwana, tena mwanzoni kabisa. Nikifika kwenye neno "Baba", koo linaziba. Nikaacha kujaribu.

Katika ukoo wetu, matanga yakiisha watoto wa marehemu hunyolewa nywele. Kaka akanipigia: "Mdogo wangu, Jumamosi tunanyoa. Na wewe nyoa huko huko, tuwe pamoja."

Jumamosi nikaenda Porta Palazzo. Ni soko kubwa la wazi, na mitaa inayolizunguka imejaa wageni wa kila taifa. Nikaingia kwa kinyozi mmoja mzee, Mmoroko. Nikashika kichwa nikasema, "Tutto", yaani zote. Akatikisa kichwa. Nywele zilikuwa zimeshaota vizuri, akaona namkosea heshima kichwa changu mwenyewe! Akanionesha picha za mitindo ukutani. Nikarudia, "Tutto." Akauliza kwa nini. Swali nililielewa, ila jibu sikuwa nalo kwa Kitaliano. Mdomo ukafunguka, kikatoka Kiswahili kitupu:

"Baba. Baba amekufa. Maiti. Kaburi."

Mzee akazima mashine.

"Kaburi?" akarudia kwa lafudhi yake. Akaweka mkono kifuani, akasema maneno ya Kiarabu ambamo nilisikia jina la Mungu na neno lililofanana kabisa na "rehema". Ndugu zangu, maneno haya Kiswahili kiliyapokea kutoka Kiarabu karne nyingi zilizopita. Yalishuka pwani yetu, yakapanda milima mpaka Iringa, na siku ile yakaniokoa Torino. Kitaliano kilitushinda sote wawili, kwa sababu na yeye alikuwa mgeni kama mimi. Tulikutana kwenye kaburi na rehema.

Akaninyoa taratibu, kimya. Alipomaliza akanifuta kichwa kwa taulo la uvuguvugu, kama mzazi anavyomfuta mtoto. Hapo ndipo nililia, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Kutoka pale nilitembea kidogo tu mpaka kanisa la hija la Bikira Maria Consolata. Mtakatifu Yosefu Allamano, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 20 Oktoba 2024, alikuwa mlezi wa kanisa hilo, na mwaka 1901 alianzisha shirika la wamisionari Wakonsolata. Yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga Afrika. Lakini wanawe walifika kwetu Iringa mwaka 1919. Nikawawaza wale mapadre, wametoka mji ule ule niliokaa, hawajui hata "kamwene". Kabla ya kuhubiri ilibidi wachekwe kwanza. Kuna bibi na babu zetu waliowafundisha neno moja moja, wakionesha kwa kidole: maji, moto, mtoto. Imani niliyobatizwa nayo ilipitia kwenye kigugumizi.

Na hilo jina Consolata maana yake ni aliyefarijiwa. Nilikaa pale na kipara changu. Sikusema neno. Lakini nilijua nasali.

Someni Injili ya Marko 7:31-37. Yesu analetewa kiziwi asiyeweza kusema vizuri. Anamtoa pembeni, mbali na watu, anamtia vidole masikioni, anamgusa ulimi, anatazama mbinguni, anaugua. Kwa nini ishara zote hizo? Mtu yule hasikii! Yesu anaongea naye kwa lugha anayoiweza. Ayubu naye, alipopata habari za watoto wake, alinyoa kichwa kwanza, akaanguka chini kuabudu, ndipo akafungua kinywa (Ayubu 1:20-21). Na Mtakatifu Paulo anatuambia kwamba tusipojua kuomba inavyotupasa, Roho mwenyewe anatuombea kwa kuugua kusikotamkika (Rum 8:26).

Kijana, wewe unayesema "siku hizi siwezi kusali": nenda hivyo hivyo. Piga magoti mbele ya Ekaristi ukae kimya. Umeogopa kitubio kwa sababu hujui uanzie wapi? Mwambie padre, "Sijui nianzie wapi." Huo tayari ni mwanzo. Mungu hakusahihishi sarufi.

Tena, uwe kinyozi kwa wengine. Kwetu Nyololo wanapita wageni wengi, vibarua wa mbao na chai, vijana waliofuata kazi. Kwenye jumuiya zetu wapo bibi wanaojua Kihehe tu, wanakaa nyuma, hakuna anayewasemesha. Kwenye VIWAWA yupo kijana mpya anayejibu "poa" kila akiulizwa, na hayuko poa. Zima mashine yako. Simu ni mashine pia. Msikilize mpaka usikie lile neno moja mnaloelewa wote.

Jioni ile nilimtumia mama picha ya kichwa changu. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akaniambia, "Mwanangu, sasa unafanana naye." Baba alikuwa na upara.

Sijapona kabisa. Neno "Baba" bado linanikwama siku nyingine. Likikwama, nasubiri hapo hapo, na ninaamini Yeye naye ananisubiri.

Tuombe: Ee Bwana Yesu, uliyemgusa asiyeweza kusema, pokea na ukimya wetu. Wape pumziko la milele marehemu wetu tuliowazika kwa mbali. Utufundishe kumwelewa mgeni kabla hajamaliza sentensi. Mama Consolata, utuombee. Amina.