Mwenye Kwao Pawili

Tunduma ni mji wa mpakani. Ng'ambo yake ni Nakonde, nayo ni nchi nyingine, Zambia. Mpaka huo ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890. Waliopatana hawakuwauliza Wanyamwanga, ambao mashamba yao na makaburi ya wazee wao yalikuwa pande zote mbili. Tangu hapo watu wa ukoo mmoja wamekuwa raia wa serikali mbili. Tena barabara kuu, na reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, zimewaleta Wanyakyusa, Wanyiha, Wandali na wageni wa mbali. Watu hao wameoana, na watoto wao ni wengi katika shule zetu.

Basi twauliza: mtoto ambaye baba yake ni Mnyiha wa Mbozi, na mama yake ni Mnyamwanga wa Nakonde, yeye ni wa wapi? Je, yampasa kuchagua?

Tulipata kumjua kijana wa namna hiyo. Wenzake shuleni walimcheka kwa matamshi aliyoyapata kwa mama yake, wakamwita mtu wa ng'ambo. Siku moja alikuwa nao sokoni. Bibi yake mzaa mama, aliyevuka asubuhi na kikapu cha maharage, akamwona, akamwita kwa furaha kwa Kinyamwanga. Kijana akajifanya hasikii, akapita. Bibi hakumwita mara ya pili, wala hakumshitaki kwa mtu. Aliyetuambia habari hiyo ni kijana mwenyewe, miaka mingi baadaye, bibi alipokwisha kufa. Hatukupata neno la kumfariji.

Wako wasemao, "Njia mbili zilimshinda fisi, kwa desturi mtoto ni wa ukoo wa baba, basi na afuate huko tu apate amani." Tena watasema kwamba hata sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili, atimizapo miaka 18 hana budi kushika moja. Hoja hii si ya kudharauliwa. Serikali ina haki ya kujua raia wake ni nani. Lakini uraia ni jambo moja, na mama ni jambo jingine. Sheria yamtaka kijana achague nchi. Haikumwambia amkane bibi yake. Waliomfundisha kumkana ni wenzake, na majirani, na sisi walimu tulionyamaza wakati wa kicheko.

Tena tumtazame fisi vizuri. Hakushindwa kwa sababu njia zilikuwa mbili, bali kwa tamaa: alisikia harufu ya nyama huku na huku, akataka kula pote. Mtoto ajidaiye Mnyiha siku ya kugawa mahari, na Mnyamwanga siku ya kugawa mavuno, huyo ndiye fisi. Naye aambiwaye kuna msiba Nakonde akajibu, "Mimi ni wa Mbozi," na akiitwa kulima Mbozi akasema, "Mimi ni wa Nakonde," huyo pia ni fisi. Bali aendaye pote wawili kubeba jeneza na kushika jembe, njia hazitamshinda. Mwenye kwao pawili hana nusu ya wajibu huku na nusu kule. Ana wajibu mzima mara mbili. Ni mzigo, hatukatai. Lakini ndio uzito wa heshima yake.

Jambo hili limewapata hata wakubwa. Kusini ya Nakonde, huko Lubwa karibu na Chinsali, alizaliwa Kenneth Kaunda mwaka 1924, na wazazi wake walitoka Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo. Aliongoza Zambia tangu uhuru wa mwaka 1964 hata 1991. Lakini mwaka 1999 mahakama ilitamka kwamba yeye si raia, kwa ajili ya asili ya wazazi wake. Tamko hilo halikudumu. Na alipofariki mwaka 2021, taifa lilimzika kwa heshima zote. Watu hawakuuliza tena baba yake alitoka wapi. Walikumbuka aliwatumikia nani.

Basi, wazazi, wafundisheni watoto lugha zote mbili za nyumbani, tena wapelekeni kwa wajomba wangali wadogo. Nasi walimu tusiache kicheko kipite darasani kana kwamba ni mchezo. Wahenga walisema, "Mkataa kwao ni mtumwa." Hawakusema kwao ni pamoja tu. Mtoto aitwapo sokoni na bibi yake, kwa lugha yo yote, na aitike.