Kumchongea Mshindani kwa Ukoo Wake

Barua ya posa ikishafika, ukoo wa kijana huulizwa, na hilo si kosa. Kosa huanza pale mshindani wake anapojitolea kuleta majibu.

Virginia, kusini mwa Marekani, walilipa kosa hili nguvu ya sheria. Mwaka 1924 bunge la jimbo hilo liliwakataza Wazungu kuoana na yeyote mwenye hata chembe ya damu isiyo ya Kizungu. Lakini koo za kifahari za huko zilijigamba kwamba zimetokana na Pocahontas, binti wa chifu wa Wenyeji wa Marekani, aliyeolewa na John Rolfe mwaka 1614. Ikabidi sheria iachiwe mwanya: asiyezidi moja ya kumi na sita ya damu ya Wenyeji hao ahesabiwe Mzungu. Bibi wa wakubwa akawa fahari, bibi za wengine wakabaki doa. Walter Plecker, msajili wa vizazi na ndoa, akawa anawaandikia makarani barua za kuwaonya juu ya familia alizozishuku. Umbea wenye mshahara, huo.

Sheria ya kulinda majina ya wakubwa ikaja kumwangukia fundi mwashi. Julai 1958, usiku, polisi waliingia chumbani kwa Richard Loving na mkewe Mildred, mwanamke mweusi, baada ya mtu asiyejitaja kuwachongea. Cheti chao cha ndoa, kilichotolewa Washington, kilikuwa kimetundikwa ukutani. Wakaambiwa hapa hakifai kitu. Mahakama Kuu ya Marekani haikuifuta sheria hiyo hadi Juni 1967.

Nasi wa pwani tusijitoe. Wapo bado wanaomnong'oneza mama wa binti kwamba babu ya fulani alikuwa mtumwa. Kijana, ukimtaka binti na mwenzio anamtaka, peleka posa yako, useme kazi yako na madeni yako. Ukiulizwa juu ya mwenzio, sema unalolijua la mwenendo wake: kama ni mlevi, kama ana mke aliyemficha, hayo wazazi wana haki kuyajua. Babu yake mwache alale.

Nawe mama, anayekujia baada ya magharibi na habari za nasaba za watu, mkaribishe chai, kisha umuulize kama naye ana kijana anayetafuta mke.